Mwaka wa Ziada Chuoni: Hatua za Kujiunga na Namna ya Kuepuka Gharama Zisizo za Lazima

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mikutano ya wadi ya wazazi, walezi na vijana waliomaliza kidato cha nne



Matokeo ya KCSE yakitoka, swali la kwanza nyumbani huwa moja: karo ya chuo itatoka wapi? Ni swali la haki. Lakini kuna swali la pili ambalo familia nyingi hukutana nalo baadaye, kijana akiwa tayari yuko chuoni: mbona kozi ya miaka minne imeingia mwaka wa tano, na mwaka huo utalipiwa na nani?

Maswali haya mawili yanafaa kuzungumzwa pamoja. Gharama nyingi za ziada chuoni hazisababishwi na karo kupandishwa. Zinatokana na hatua ndogo iliyorukwa: kozi iliyochaguliwa bila kusoma masharti, somo ambalo halikusajiliwa, fomu ya mkopo ambayo haikujazwa mwaka wa pili, au alama iliyopotea bila mtu kuifuatilia.

Kwanza jambo moja liwe wazi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo hakuna afisa wa kaunti, diwani wala mzee wa mtaa anayeweza kumpa mtu nafasi ya chuo kikuu. Anayedai kuwa anayo nafasi ya kuuza ni tapeli, hata akiwa amevaa suti na kubeba faili.

Kujua alama zinafungua mlango gani

Nafasi za vyuo vikuu vya umma na vyuo vya kiufundi hupangwa na KUCCPS, taasisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kiwango cha chini cha kusomea digrii ni alama ya wastani ya C+. Diploma huanzia C-. Kozi za cheti huanzia D, na kozi za msingi za ufundi zipo hata kwa aliyepata E. Mtoto aliyepata D hajafungiwa mlango. Anaweza kuanza na cheti, apande diploma, kisha digrii. Njia hiyo inatambuliwa na sheria, kwa kuwa Kenya ina mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu wenye ngazi 10, uliowekwa ili mtu aweze kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Kupata C+ ni kufika langoni tu. Kila kozi ya digrii ina masomo manne inayoyatazama zaidi, yaitwayo klasta. Alama ya A ina pointi 12, kwa hivyo pointi za juu kabisa za klasta ni 48. Watahiniwa wawili wenye B ya wastani wanaweza kuwa na pointi tofauti kabisa za klasta. Mmoja amefanya vyema katika hesabu na fizikia, mwingine katika historia na Kiswahili. Kozi inayomfaa mmoja huenda isimfae mwenzake.

Pointi hizo huonekana katika ukurasa wa mwanafunzi kwenye tovuti ya KUCCPS. Pale pale huonekana pia pointi ambazo kozi iliishia miaka iliyotangulia. Mtahiniwa mwenye pointi 30 akijaza nafasi zake zote kwa kozi ambazo huishia pointi 40, amejipunja mwenyewe. Nafasi moja inaweza kuwa ya ndoto. Zilizobaki ziwe za kozi anazozifikia na ambazo yuko tayari kuzisoma.

Kuchagua kozi kwa kalamu na karatasi

Kila kozi katika kila chuo ina kodi yake. Ualimu katika Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi una kodi yake, na ualimu katika Chuo Kikuu cha Moi kilichoko karibu na Eldoret una nyingine. Tarakimu moja ikikosewa, mtoto hujikuta katika chuo au kozi asiyoitaka. Kodi ziandikwe kwanza kwenye karatasi, zisomwe na watu wawili, ndipo ziingizwe kwenye tovuti.

Kabla ya kuandika kodi hiyo, familia ijiulize maswali manne.

La kwanza, kozi ni ya miaka mingapi? Ualimu ni miaka minne, uhandisi ni mitano, udaktari ni sita. Mwaka mmoja zaidi ni kodi ya nyumba, chakula na nauli ya mwaka mzima.

La pili, gharama yake kwa mwaka ni kiasi gani? Si karo peke yake. Mtoto wa huku akipangiwa chuo cha mbali, nauli ya kwenda na kurudi kila muhula iingie kwenye hesabu.

La tatu, je, kozi imeidhinishwa? Kozi za vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA. Kozi kama uhandisi, sheria na uuguzi zina pia mabodi ya taaluma, na mhitimu wa kozi isiyotambuliwa na bodi husika hupata taabu ya kupewa leseni ya kazi.

La nne, je, chuo ni cha umma au cha binafsi? Katika utaratibu wa ufadhili uliotangazwa na serikali ya kitaifa mwezi Mei 2023, anayechagua chuo kikuu cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini hapati ufadhili wa bure wa serikali.

Kutuma maombi bila kupoteza siri

Mtahiniwa huingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa nambari yake ya mtihani wa KCSE, mwaka aliofanya mtihani, na neno la siri alilopewa au aliloweka. Ada ya maombi hulipwa kupitia eCitizen, ambayo nambari yake ya malipo ya M-Pesa ni 222222. Hakuna ada ya KUCCPS inayotumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Vijana wengi hufanyia kazi hii kwenye saiba. Hakuna ubaya, ila mwanafunzi akae kando ya anayeandika, asome kila kodi kwenye kioo kabla ya kubonyeza, achapishe ukurasa wa mwisho, kisha abadilishe neno la siri. Neno la siri likibaki kwenye daftari la saiba, mtu mwingine anaweza kuingia na kubadilisha kozi zilizochaguliwa.

Majina yakitoka na kijana akapata nafasi asiyoiridhia, kuna dirisha la kuomba kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine. Huombwa kupitia tovuti ya KUCCPS, na hukubaliwa tu ikiwa ana pointi zinazotakiwa na kozi anayoiendea na chuo hicho kina nafasi. Dirisha hilo ni la muda mfupi. Anayehama mapema huanza masomo sawa na wenzake. Anayengoja hadi mwaka wa pili ndipo abadilishe kozi huenda akaacha nyuma masomo aliyokwisha kuyalipia, kwa sababu hayahesabiwi katika kozi mpya.

Fedha: ombi la kila mwaka

Kijana aliyepata nafasi katika chuo kikuu cha umma huomba ufadhili na mkopo kupitia tovuti ya HEF. Ajiandae na kitambulisho chake, nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, nambari zake za mtihani, na vitambulisho vya wazazi. Aliyefiwa na mzazi awe na cheti cha kifo. Kijana aliyefikisha miaka 18 na hana kitambulisho asingoje barua ya chuo ndipo aende kwa chifu.

Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, familia ziligawanywa katika bendi tano kulingana na mapato ya mwezi. Bendi ya kwanza ni familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995. Serikali hulipa asilimia 70 ya gharama ya kozi kama ufadhili, mkopo ni asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Bendi ya pili huishia mapato ya shilingi 23,670, na familia hulipa asilimia 10. Ya tatu huishia shilingi 70,000, familia ikilipa asilimia 20. Ya nne huishia shilingi 120,000, familia ikilipa asilimia 30. Wanaozidi hapo wako bendi ya tano, na familia hulipa asilimia 40. Viwango vya serikali hubadilika, kwa hiyo kila mwaka vitazamwe upya kwenye tovuti rasmi kabla ya kupanga bajeti.

Ufadhili haulipwi na mwanafunzi baadaye. Mkopo hulipwa. Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mhitimu hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Familia iliyowekwa bendi isiyolingana na hali yake inaweza kukata rufaa kupitia tovuti hiyo hiyo ya HEF. Mama anayeuza mboga sokoni akijikuta amewekwa pamoja na watu wa mishahara minono, asikae kimya. Akusanye ushahidi wa hali yake na kijana aingize rufaa mara moja.

Kuna kosa moja linalowaumiza wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu: kudhani kuwa mkopo huendelea wenyewe. Hauendelei. Ombi la mkopo hufanywa upya kila mwaka wa masomo. Anayesahau hujikuta na deni la karo, na mwenye deni la karo anaweza kuzuiwa kufanya mtihani. Asipofanya mtihani, muhula mzima umeanguka.

Mahali ambapo mwaka wa ziada huzaliwa

Tuseme kozi inagharimu shilingi 180,000 kwa mwaka, na familia iko bendi ya pili. Sehemu yake ni asilimia 10, yaani shilingi 18,000. Familia imeuza mbuzi, imechanga kwenye chama, imetimiza. Ufadhili na mkopo hupangwa kwa miaka ya kawaida ya kozi. Kijana akilazimika kurudia mwaka mzima baada ya miaka hiyo kwisha, familia iliyozoea kutafuta 18,000 inaweza kukabiliwa na 180,000. Hata akirudia masomo machache tu, vyuo vingi hutoza ada kwa kila somo linalorudiwa, na chumba na chakula ni vya kulipiwa vile vile.

Somo moja la muhula mmoja, ambalo vyuoni huitwa yuniti, mara nyingi huwa na saa tatu za darasani kwa wiki. Kozi ina idadi maalumu ya yuniti za lazima na za kuchagua. Zikipungua, mwanafunzi hafuzu. Akisoma zisizo za kozi yake, amelipia kitu ambacho hakitamfikisha kwenye mahafali. Kwa hiyo hati ya kwanza ya kuomba chuoni ni orodha kamili ya yuniti za kozi yake kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Aibandike ukutani na kutia alama kila anayofaulu.

Jambo la pili ni kusajili yuniti kila muhula, ndani ya muda uliowekwa. Kuna wanafunzi wanaohudhuria darasa muhula mzima na jina halimo kwenye orodha ya mtihani, kwa sababu hawakusajili kwenye tovuti ya chuo au waliweka kodi ya yuniti nyingine. Baada ya kusajili, achapishe ukurasa huo na kuuhifadhi.

La tatu ni kufeli kwa kunyamaza. Vyuo vingi huhesabu alama 40 kwa 100 kuwa za kufaulu, na kozi kama udaktari huweka 50. Aliyekosa alama chache hupewa mtihani wa marudio. Asipoufanya kwa wakati, hulazimika kusoma yuniti nzima upya, na pengine yuniti hiyo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Zaidi ya hayo, baadhi ya yuniti za mwaka wa pili hazisomwi mpaka ile ya mwaka wa kwanza ipite. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La nne ni ugonjwa na msiba. Mwanafunzi aliyelazwa hospitalini au aliyefiwa ana haki ya kuomba mtihani maalumu au kuahirisha masomo. Lakini huomba kwa barua, akiambatisha hati ya daktari au ya chifu, na hupokea jibu kwa maandishi. Anayeondoka tu bila kuaga huandikwa kuwa amekosa mtihani. Msichana aliyejifungua katikati ya muhula asifikirie kuwa masomo yamekwisha. Akiahirisha kwa utaratibu, nafasi yake humngoja.

La tano ni alama zinazopotea. Mwanafunzi amefanya mtihani, lakini matokeo yakitoka hakuna kitu mbele ya yuniti yake. Tatizo hili hujulikana katika vyuo vingi nchini, na limewazuia wengi kufuzu na wenzao. Dawa yake ni mapema na maandishi. Ahifadhi karatasi za majaribio zilizosahihishwa, atie saini orodha ya mahudhurio ya mtihani kila mara, na alama zikikosekana aandikie idara muhula uo huo huku akibaki na nakala yenye muhuri. Mhadhiri aliyekuwepo mwaka huu huenda asiwepo baada ya miaka mitatu.

La sita ni mafunzo ya kazini ambayo kozi nyingi huyadai kabla ya kufuzu. Nafasi hizo hugombewa. Barua zianze kupelekwa miezi kadhaa kabla, katika hospitali, shule, kampuni na afisi za umma zilizo karibu na nyumbani, ambako kijana hatalipa kodi ya nyumba.

Aliye na diploma asilipe mara mbili

Kijana aliyemaliza diploma na sasa anaingia digrii katika fani ile ile aulize jambo moja kabla hajasajili lolote: ni yuniti zipi alizokwisha kufaulu zinazoweza kuhesabiwa katika digrii? Vyuo vina utaratibu wa kuwaondolea wanafunzi wa namna hiyo baadhi ya yuniti, au kuwaingiza mwaka wa pili. Ombi huambatana na nakala ya matokeo na muhtasari wa yuniti kutoka chuo cha kwanza. Kila chuo kina kiwango chake, na hakuna chuo kinacholazimika kukubali zote. Lakini asiyeomba hapewi, na huishia kulipia tena alichokwisha kukisoma.

Aliyekwisha kuchelewa

Wapo vijana ambao tayari wako mwaka wa tano katika kozi ya miaka minne, na wengine wamerudi nyumbani kimya kimya, wakiwaambia wazazi kuwa mahafali bado. Hao wasilaumiwe tu. Wasaidiwe kurudi.

Hatua ya kwanza ni kwenda kwa mkuu wa idara na kuomba hesabu ya yuniti: zipi zimepita, zipi hazijasajiliwa, zipi hazina alama. Mara nyingi kijana anayedhani amepoteza mwaka mzima hukuta anadaiwa yuniti mbili. Hatua ya pili ni kuuliza yuniti hizo zitafundishwa lini na ada ya kila moja ni kiasi gani. Anayedaiwa yuniti mbili halazimiki kupanga chumba karibu na chuo mwaka mzima. Hatua ya tatu ni kuuliza kama chuo kinakubali karo kulipwa kwa awamu. Yote haya yafanywe kwa barua, na majibu yahifadhiwe.

Kazi ya mzazi

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kulinda masomo ya mtoto wake kama yule mwenye digrii. Mwisho wa kila muhula, kijana akirudi nyumbani, amuulize maswali matatu: Umesajili yuniti ngapi, na umefaulu ngapi? Kuna alama inayokosekana? Umeshaomba mkopo wa mwaka ujao? Kisha aseme, "Hebu nionyeshe." Ukurasa wa matokeo hufunguka kwenye simu, na majibu ya kweli huchukua dakika tano.

Na mtoto akisema amefeli, mzazi ajizuie. Mtoto aliyefokewa muhula wa kwanza hatasema muhula wa pili, na habari itakuja na bili ya mwaka wa tano.

Asiye na simu ya intaneti anaweza kuanzia kwa mwalimu mkuu wa shule aliyofanyia mtihani au katika kituo cha Huduma. Aje na nambari ya mtihani, kitambulisho na karatasi yenye kodi za kozi alizochagua. Basari za wadi, zinapotangazwa, huhitaji barua ya kujiunga na chuo na taarifa ya karo, kwa hiyo nakala mbili za kila hati zitolewe mapema na kuwekwa nyumbani.

Maswali yaanze kwa vijana, kisha wazazi.